Kabla Hujalipia Gari, Washa Redio

Mtu akienda kununua gari la mtumba utamwona ameinama kwenye injini, anauliza linakula mafuta kiasi gani. Redio? Ikiwaka taa tu, ameridhika. Mimi naona hapo ndipo tunapoliwa.

Magari yetu mengi hutoka Japani, ambako FM ni 76 hadi 95 MHz, na redio nyingi za zamani huishia 90. Kenya ni 87.5 hadi 108. Dawa ya mafundi ni kile kidude cha kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa: kikishusha 20, stesheni ya 100 utaipata kwenye 80. Kinasaidia, ila jiandae kwa mikwaruzo.

Zenye skrini ndizo balaa. Betri ikitolewa, baadhi hudai kadi yake ya SD au neno la siri, na kadi yenyewe ilibaki Osaka! Hapo umenunua kioo.

Basi tafuta stesheni iliyo juu ya 100, sikiliza spika moja moja, kisha mwombe muuzaji achomoe waya wa betri dakika chache na kuurudisha. Akikataa, toa bei ya redio mpya kwenye hesabu yake.