Uwanja wa mbina uingie kwenye ramani ya Buswelu

Mipango miji hutaja barabara, soko, shule na zahanati. Uwanja wa mbina, yaani wa ngoma na maigizo, husahauliwa. Buswelu, yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, inajengwa kwa kasi, na eneo lisilotengwa leo kesho litakuwa na nyumba ya mtu. Uwanja huo unastahili nafasi kama soko linavyostahili, kwa kuwa ndipo watu hujitazama na kupimana hadharani. Athens ya karne ya 5 KK ililijua hilo. Katika sikukuu ya mungu Dionysos mji ulimtwika tajiri gharama za kwaya, na waamuzi walipatikana kwa kura kutoka makabila 10. Mwaka 472 KK tajiri mmojawapo, Pericles, aligharimia tamthilia ya Aeschylus kuhusu Waajemi, na raia walioshinda vita miaka minane tu nyuma wakaketi kutazama kilio cha adui yao. Mkutano gani wa hadhara ungewafikisha hapo?

Wasukuma wanalo jambo la aina hiyo. Huko Bujora, Kisesa, katika tamasha la Bulabo la mwezi Juni, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta umati. Mcheza ngoma ya bugobogobo hurusha jembe juu, akalidaka bila kupoteza pigo la ngoma. Upande wa pili manju, mtunzi wa nyimbo, naye anatunga wimbo wa kuwarudisha watazamaji. Wapo watakaosema hiyo ni ngoma, si tamthilia. Lakini hata tamthilia ya Kigiriki, kwa maelezo ya Aristotle, ilichipuka kwa viongozi wa kwaya. Wengine wanahofia dawa na mizimu inayohusishwa na ngoma hizo. Hata hivyo Bulabo imefungamana na sikukuu ya Ekaristi, na Padri David Clement, mwanzilishi wa makumbusho ya Bujora, hakuona mbina kuwa adui wa kanisa.

Hoja nzito ni ya fedha: maji na madarasa kwanza. Nakubali, ila uwanja hauhitaji jengo. Wagiriki walianza kwa kuketi mteremkoni, na Mwanza haina upungufu wa vilima vya mawe. Tusiige kila kitu cha Athens, iliyokuwa na watumwa na kuwanyima wanawake sauti katika baraza. Tuchukue ule utaratibu wa gharama: mwenye mali mmoja aibebe Bagika, mwenzake Bagalu, na manispaa itoe ardhi.