Mwanafunzi afunzwe kuutaja mwili wake ndipo aweze kuulinda

Kila mwaka wa masomo unapoanza, malango ya shule zetu za mabweni hufunguliwa na wanafunzi wapya huingia na masanduku, magodoro na fomu za matibabu zilizopigwa muhuri. Fomu hizo hukusanywa zikatiwa kabatini, na aghalabu hazitazamwi tena mpaka jambo baya litokee. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuifikiria afya ya mwanafunzi, kwamba ni karatasi ya kumpitisha langoni. Ningependa leo kuwaomba walimu, na wanafunzi wenyewe, tulitazame suala hili kwa jicho jingine. Mtu wa kwanza kuuchunguza mwili si daktari bali ni mwenye mwili, na uchunguzi wake hauna faida asipokuwa na maneno ya kuueleza.

Huenda msomaji akashangaa ni vipi mwalimu wa isimu anajitosa katika mambo ya matabibu. Sijitii udaktari nisiokuwa nao. Lakini kabla ya daktari kushika kifaa chochote, huuliza swali, na jibu la swali hilo ni lugha. Hapo ndipo ninapodai kuwa na la kusema.

Hebu tuitazame sentensi moja ambayo kila mwalimu wa zamu ameisikia: "Tumbo linaniuma." Tuchukue kwamba wanafunzi watatu wameitamka usiku mmoja, wakati wa masomo ya jioni. Wa kwanza ni msichana aliye katika hedhi. Wa pili ana uvimbe wa kidole tumbo, maumivu yaliyoanzia kitovuni na sasa yamehamia upande wa kulia, chini. Wa tatu ni mvulana ambaye tumbo lake halina neno lolote; kinachomuuma ni korodani, ila ameona haya kuitaja. Wote watatu wametumia maneno yale yale. Wote watatu, katika shule nyingi, watapewa vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kuambiwa wakalale.

Msichana wa kwanza huenda akaamka na nafuu. Wa pili yumo hatarini, kwa maana kidole tumbo kikipasuka usaha humwagika tumboni na uhai wenyewe huwa mashakani. Wa tatu naye anakimbizana na saa bila ya kujua. Madaktari wanaeleza kwamba kende inaweza kujisokota ghafla na kuikaba mishipa inayoipelekea damu. Hali hiyo huwapata zaidi wavulana wa kati ya miaka 12 na 18, yaani wanafunzi hasa. Mgonjwa akipasuliwa katika muda wa saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi kiungo huokoka. Zikipita saa 24, matumaini huwa haba mno. Mara nyingi maumivu hayo huandamana na kutapika, na pengine huhisiwa chini ya tumbo, jambo linalozidi kumpa mvulana kisingizio cha kutokitaja kiungo chenyewe. Akingoja mapambazuko ili aone kama yatapoa, huenda akawa amekwisha kupoteza alichokuwa akikionea haya.

Jambo la ajabu ni kwamba mvulana huyo huyo anaweza kukichora kiungo hicho katika mtihani wa Biolojia, akakipa jina lake la Kiingereza, akatuzwa alama. Elimu anayo, ila imehifadhiwa katika lugha ambayo hawezi kuitumia mbele ya matroni usiku wa manane wala mbele ya mama yake nyumbani. Kwa Kiswahili, anayajua matusi na anaijua kimya. Katikati ya matusi na kimya pana maneno ya heshima, sahihi, yaliyomo kamusini: korodani, kende, uume, uke, matiti, chuchu, mlango wa kizazi, hedhi. Maneno hayo tumeyaacha yakae bure kama vyombo vya kabatini vinavyongoja mgeni asiyefika.

Najua nitaambiwa kwamba lugha yetu ina adabu zake, na kwamba tasfida ni pambo la Kiswahili. Ni kweli, nami huwafunza wanafunzi wangu hivyo. Mtu hajisaidii kwa jina la kitendo chenyewe, huenda haja. Mwanamke hajifungui mbele ya wageni kwa maneno makavu. Huwa amepata salama. Lakini tasfida ina mahali pake. Mbele ya hadhira ya harusi ni adabu. Mbele ya mwuguzi ni pazia linalomziba macho. Msemo "sehemu za siri" hautaji sehemu moja, hutaja eneo zima, na tabibu hawezi kutibu eneo. Wahenga wenyewe, ambao hatuwezi kuwashtaki kwa utovu wa adabu, walilijua jambo hili. Ndio waliotuachia methali isemayo kwamba mficha uchi hazai, na nyingine kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Isitoshe, katika jando na unyago vijana walifunzwa miili yao waziwazi, na kungwi au somo alikuwa na idhini ya jamii kuyataja yote. Tumeziacha taasisi hizo, katika sehemu nyingi, bila ya kuikabidhi kazi yake kwa mtu mwingine.

Ni uwongo pia kudai kwamba Kiswahili ni maskini katika mambo ya ugonjwa. Maumivu peke yake yana msamiati wa kutosha: kuna yanayochoma, yanayokata, yanayonyonga, yanayopwita kama jipu, yanayowasha, na yanayokuja na kupoa. Kuna kichomi, kiungulia, kichefuchefu, kizunguzungu na ganzi. Kila neno katika hayo ni habari ambayo tabibu angeilipia. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "anaskia vibaya" ameitupa habari hiyo. Fauka ya hayo, hata maneno tunayoyatumia kila siku yanahitaji kufafanuliwa. Neno homa, kwa mfano, kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua, na kwa mwingine ni malaria yenyewe. Mwalimu anayeuliza "homa ipi?" amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi.

Sasa mwanafunzi ajichunguze nini? Hapa yafaa tuseme ukweli, kwa sababu pana mafundisho mengi yanayotolewa kwa nia njema na kuzua hofu bure. Kwa miaka mingi wanawake walihimizwa kuyapapasa matiti yao kila mwezi kwa utaratibu maalumu ili kugundua saratani mapema. Katika mji wa Shanghai, Uchina, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili kuanzia mwaka 1989, kundi moja likafunzwa utaratibu huo kwa makini na jingine lisifunzwe. Matokeo ya mwisho yalipochapishwa mwaka 2002, vifo vitokanavyo na saratani ya matiti havikuwa vimepungua katika kundi lililofunzwa. Kilichoongezeka ni idadi ya wanawake waliochunguzwa kwa kukatwa nyama kwa ajili ya uvimbe ambao haukuwa saratani.

Je, hilo lina maana kwamba mtu asiujue mwili wake? Hasha. Maana yake ni kwamba kupapasa kwa kanuni si kinga peke yake. Linalofaa ni kuzoea hali ya kawaida ya mwili wako, ili badiliko likitokea ulitambue, kisha ulipeleke kwa anayejua bila ya kuchelewa. Msichana wa shule akikuta uvimbe kwenye titi asikeshe akilia, kwani katika umri huo uvimbe mwingi si saratani. Hata hivyo auonyeshe. Mvulana akioga na kuhisi uvimbe mgumu katika kende, hata kama hauumi, naye auonyeshe, kwa sababu saratani ya kiungo hicho, ijapokuwa ni adimu, huwapata vijana kuliko wazee, na hutibika vyema ikiwahiwa. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huua wanawake wengi humu nchini, haipapasiki kwa mkono. Kinga yake ni chanjo ya virusi vya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, na vipimo vya kliniki baadaye wanapokuwa watu wazima.

Zaidi ya hayo, zipo dalili ambazo hazihitaji mashine wala fedha. Kikohozi kinachopita wiki mbili kinataka kipimo cha kifua kikuu, ugonjwa unaotibiwa bila malipo katika hospitali za umma. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda ghafla ni dalili za kisukari, ambacho huwapata hata watoto. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu katika kipindi kimoja huenda si mtoro hata kidogo. Tone moja la damu lingetoa jibu kwa muda mfupi. Likikosekana, mtoto huyo anaweza kuzimia na kufa kwa maradhi yaliyodhaniwa kuwa malaria. Msichana anayeandika tarehe za hedhi yake katika daftari ana kumbukumbu ambayo daktari ataithamini. Ufizi unaotoka damu, jeraha lisilopona, herufi za ubaoni zinazoanza kuwa ukungu: hayo yote mwenye mwili ndiye wa kwanza kuyajua.

Nimetaja ubao kwa makusudi, maana hapa tuna ushahidi wa nyumbani. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Dkt. Hillary Rono, daktari wa macho, pamoja na wenzake waliendesha utafiti katika shule 50 zenye watoto zaidi ya 20,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliopima macho walikuwa walimu. Katika nusu ya shule walitumia chati ya kawaida, na mtoto aliyeshindwa alipewa barua ya kwenda hospitalini. Katika nusu nyingine walitumia programu ya simu, na pamoja na barua mzazi akaonyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu, kisha akakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika shule za barua, ni watoto 22 katika kila 100 waliofika hospitalini. Katika zile nyingine walifika 54.

Tafadhali tuyatafakari matokeo hayo. Macho yalikuwa ya aina ile ile na hospitali zilikuwa zile zile. Tofauti kubwa ilikuwa katika namna habari ilivyomfikia mzazi, kwamba alielezwa kwa njia aliyoielewa, akakumbushwa. Nayo matokeo hayo yanatuonyesha kwamba mwalimu wa kawaida, akifunzwa kidogo, anaweza kuwa mlango wa kwanza wa hospitali.

Lakini kupima kunaweza pia kugeuzwa kuwa fimbo. Katika baadhi ya shule wasichana wamekuwa wakipimwa mimba kwa lazima wanapotoka likizo, na aliyepatikana nayo huchukuliwa kama mkosaji. Kipimo kama hicho humfunza mwanafunzi jambo moja tu, kwamba mwili wake ni ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Kesho akiwa na uvimbe, atauficha. Vivyo hivyo mwanafunzi anayeumwa akaambiwa mbele ya wenzake kwamba anaigiza ili akwepe mtihani. Wapo waigizaji, sikatai. Lakini hasara ya kumwamini mwigizaji mmoja ni kipindi kimoja cha hesabu. Hasara ya kutomwamini mgonjwa mmoja haina fidia.

Serikali nayo haiwezi kukwepa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sera ya afya shuleni tumekuwa nayo tangu 2009, ikarekebishwa 2018. Mpango wa EduAfya ulioanzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za upili za umma ulifikia kikomo, na tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, mwanafunzi hutegemea kwamba mzazi wake amejisajili na kulipa. Asiyelipiwa ana kila sababu ya kunyamaza akiumwa, maana anajua kusema kwake ni gharama nyumbani.

Wakati tukiidai serikali itimize wajibu wake, yapo ambayo shule inaweza kuyafanya muhula huu. Kwanza, siku moja katika kila muhula itengwe kwa vipimo vya msingi: uzani, urefu, macho, meno na shinikizo la damu, kwa msaada wa zahanati iliyo karibu, na majibu apewe mwanafunzi faraghani wala yasisomwe kwenye gwaride. Pili, mwalimu wa Kiswahili achukue vipindi viwili tu vya msamiati afunze majina ya viungo vyote vya mwili, pasipo kuruka, na maneno ya maumivu. Atungishe mazungumzo baina ya mgonjwa na daktari, zoezi ambalo limo katika silabasi na ambalo kila mara huishia kwenye kikohozi na malaria. Wanafunzi watacheka kipindi cha kwanza. Cha pili hawatacheka sana. Tatu, kila bweni liwe na mtu mmoja, mwanamume kwa wavulana na mwanamke kwa wasichana, anayejulikana kwamba anaweza kuamshwa usiku na kuambiwa jambo lolote kwa jina lake.

Nanyi wanafunzi, nawasihi mjizoeze kusema mambo manne mnapoumwa: ni wapi hasa, tangu lini, maumivu ni ya namna gani, na ni nini kingine kilichobadilika. Mkishindwa kuyasema kwa mdomo, yaandikeni kwenye karatasi mkampe mwalimu. Na mwalimu atakayepokea karatasi hiyo saa tano za usiku, ikiwa na neno ambalo hakulitarajia, asianze kwa kusahihisha tahajia. Atafute gari.