Alitesa Dubai, chumbani akagonga mwamba

Wiki hii tuwaweke kando mastaa wa miguu miwili, tumcheki staa wa miguu minne. Anaitwa Cigar, farasi wa Marekani. Usije ukadhani jina limetokana na ile sigara nene ya matajiri. Bosi wake, Allen Paulson, alikuwa mtu wa ndege, na farasi wake alikuwa akiwapa majina ya vituo vya angani, vile marubani wanavyovitumia kujua njia.

Tuseme ukweli, mwanzoni jamaa alikuwa wa kawaida tu. Mbio 13 za kwanza alishinda mbili. Wengi walimwona ni wa nyasi, kumbe wapi! Oktoba 1994 kocha wake, Bill Mott, akamrudisha kwenye uwanja wa udongo. Wee! Kuanzia hapo akashinda mara 16 mfululizo, hakuna aliyemgusa mpaka Agosti 1996.

Kati ya zote hizo, ya Dubai ndiyo iliyoweka watu roho juu. Ilikuwa usiku wa Machi 27, 1996, uwanja wa Nad Al Sheba, Dubai World Cup ya kwanza kabisa, dola milioni 4 zikiwa mezani. Wiki chache kabla, Cigar aliumia kwato, akakosa mbio kubwa kule California. Ungekuwa wewe ungesema safari imekufa. Akapandishwa ndege hivyo hivyo!

Mita 2,000. Kwenye kumalizia, Cigar yuko mbele, mgongoni Jerry Bailey. Mara huyooo, Soul of the Matter, farasi wa Burt Bacharach, yule mtunzi wa nyimbo, anakuja kwa kasi ile mbaya. Wakawa bega kwa bega. Farasi mwenye kwato iliyotoka kuuma angelegea, na nani angemlaumu? Cigar akaongeza moto, akashinda kwa nusu ya urefu wa farasi. Na Dubai wakati huo hakukuwa na kubeti, kwa hiyo waliopiga kelele pale uwanjani walipiga kwa mahaba tu.

Alistaafu mwishoni mwa 1996 akiwa ameingiza dola 9,999,815. Yaani zilibaki 185 zifike milioni 10! Hela ya viatu hiyo.

Lakini bosi hakuwa na wasiwasi, maana mshiko mrefu wa farasi bingwa uko kwenye kuzalisha, kila jike analopelekewa linalipiwa. Akaletewa majike zaidi ya 30. Mimba? Hakuna hata moja. Madaktari wakahangaika weee, ikabidi bima imwage dola milioni 25.

Basi akapelekwa Kentucky Horse Park, mjini Lexington. Watu walikuwa wanakuja kumwangalia tu, naye anakula zake majani, hadaiwi mtoto wala ushindi. Alikufa mjini humo Oktoba 7, 2014, akiwa na miaka 24.