Kufuta Ubao Si Kujibu Hoja

Katika vyuo vyetu vya ualimu twasisitiza sana ufundi wa kuuliza maswali. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hupimwa kwa namna alivyoyapanga maswali katika andalio la somo, alivyoyatawanya darasani, na alivyowapa watoto nafasi ya kufikiri. Ni nadra kupimwa kwa jambo lililo gumu zaidi, yaani namna alivyolipokea jibu asilolipenda. Maoni yetu ni kwamba jambo hili lastahili kufundishwa, na kwamba migogoro iliyotokea katika vyuo vikuu vya nchi za mbali yaweza kutusaidia kuliona waziwazi.

Migogoro hiyo yahusu utoaji mimba. Huko Marekani na Kanada vipo vikundi vya wanafunzi wanaopinga utoaji mimba, na vipo vinavyotetea haki ya mwanamke kujiamulia. Hatukusudii hapa kukata shauri kuhusu upande ulio sahihi. Tunalolitazama ni namna wakuu wa elimu, watu ambao hoja ndiyo kazi yao, walivyotenda pale hoja wasiyoitaka ilipotamkwa.

Mwezi Mei mwaka 2017, katika chuo kikuu cha umma kilichoko Fresno, jimbo la California, wanafunzi wa kikundi kinachopinga utoaji mimba waliandika kwa chaki maneno ya kuutetea msimamo wao juu ya njia za waendao kwa miguu. Walikuwa wameomba ruhusa na kupewa. Mhadhiri mmoja aliwaendea akawaambia kuwa maneno kama hayo yaruhusiwa mahali maalumu tu. Kisha yeye na wanafunzi wengine wakayafuta kwa nyayo za viatu. Mahali hapo maalumu palikuwa pamekwisha kuondolewa na chuo chenyewe. Mhadhiri alijitetea kwamba kufuta nako ni uhuru wake wa kutoa maoni. Wanafunzi walikwenda mahakamani wakitegemea Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, la mwaka 1791, linaloizuia serikali, pamoja na vyuo vyake, kunyamazisha maoni ya raia. Shauri lilimalizika mwaka huo huo kwa mapatano: zililipwa dola 17,000, na mhadhiri akakubali kupewa mafunzo juu ya uhuru wa kusema.

Yafaa tujiulize kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika kutokubaliana na wanafunzi, kwani mwalimu naye ni mtu mwenye imani yake. Njia ilikuwa ndefu na chaki zilikuwapo. Angeweza kuinama akaandika jibu lake kando ya maneno yao, na kila mpita njia akasoma pande zote mbili. Anayeandika jibu huongeza hoja. Anayefuta huipunguza, na tena huwanyima wasomaji haki ya kupima wenyewe.

Zipo njia za kufuta zisizohitaji kiatu wala kifutio. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, kikundi cha namna hiyo kilifanya maonyesho ya picha mwaka 2015, na wapinzani wao wakajipanga na kuzifunika kwa mabango na mashuka. Kikundi kilipoomba kufanya maonyesho mengine mwaka 2016, chuo kilikitaka kwanza kilipe dola 17,500 za gharama za ulinzi. Maonyesho hayakufanyika. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Alberta iliamua kuwa chuo kikuu kinapotawala maneno ya wanafunzi katika viwanja vyake hakina budi kuiheshimu Hati ya Haki na Uhuru ya Kanada ya mwaka 1982, na ikautengua uamuzi wa kuwatoza gharama hizo. Hata hivyo, mahakama zenyewe hazikubaliani, maana mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya British Columbia ilikuwa imeamua kinyume chake katika shauri la Chuo Kikuu cha Victoria.

Msomaji aweza kusema kwamba picha za maonyesho kama yale huumiza, na kwamba mwanamke aliyekwisha kupitia jambo hilo hapaswi kulazimishwa kuzitazama anapokwenda darasani. Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Chuo chaweza kuweka taratibu za mahali na wakati, mradi ziwe zilezile kwa wote. Yatupasa kukumbuka pia kwamba mkono unaoshika kifutio hubadilika. Mwezi Septemba mwaka 2022, kutokana na sheria ya jimbo ya mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Idaho kiliwaonya wafanyakazi wake kwamba wakitetea utoaji mimba wakiwa kazini waweza kushtakiwa. Safari hii walioambiwa wanyamaze walikuwa wa upande wa pili. Anayeshangilia leo mpinzani wake anapofutwa hana kinga kesho.

Tuje sasa katika shule ya msingi. Hatusemi kwamba mjadala wa utoaji mimba upelekwe darasa la nne. Umri wa mtoto una haki yake, na mwanachuo asiyelitambua hilo hajawa tayari kufundisha. Kinachohamishika ni tabia ya mwalimu. Chuo kikuu chaweza kushtakiwa na watu wazima wanaozijua haki zao. Mtoto wa miaka tisa hana wakili wala hajui kwamba ananyimwa kitu. Mwalimu akimkatiza, yeye huketi, na asiulize tena mwaka mzima.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, sheria za majadiliano darasani zitangazwe kabla mwalimu hajajua nani atasema nini. Sheria inayokumbukwa baada ya jibu baya kutolewa ni ile ya Fresno. Pili, mwalimu asimtoze mtoto gharama ya kelele za wenzake. Mtoto asemapo jambo geni na darasa likamcheka, mara nyingi huambiwa aketi yeye ili utulivu urejee. Huo ndio ulinzi wa Alberta: aliyesema ndiye anayelipa, na waliocheka hawadaiwi kitu. Tatu, jibu lenye kosa liandikwe ubaoni na kujadiliwa, lisifutwe kabla darasa halijaona kwa nini lina kosa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hao hao walisema kuuliza si ujinga. Mwalimu anayeikumbuka methali ya kwanza peke yake amejifunza nusu ya hekima.

Ndugu wanachuo, mtakapoandika maandalio yenu ya masomo muhula ujao, chini ya kila swali andikeni pia jibu msilopenda kulisikia, na hatua mtakayochukua mtoto akilitoa. Nasi wakufunzi, tukija kuwakagua, tuupime utayari huo kama tunavyoyapima maswali yenyewe.