Kihenge cha Picha: Tuijue Memori Kadi



Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika mjini Songea. Huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Siku hiyo wapiga picha wana kazi nyingi. Wazee hupigwa picha na wajukuu wao. Je, picha hizo hukaa wapi kabla ya kusafishwa?

Zamani zilikaa kwenye mkanda wa filamu. Mkanda mrefu ulitoa picha 36. Siku hizi zinakaa ndani ya memori kadi. Kadi ya kamera ni kipande chembamba cha plastiki, urefu milimita 32 na upana milimita 24. Ile ya simu ni ndogo zaidi, kama ukucha wa kidole.

Nafasi ya kadi hupimwa kwa GB na MB, kama mahindi yanavyopimwa kwa gunia na debe. GB 1 ni kama MB 1,000. Picha moja ikichukua MB 5, kadi ya GB 16 itabeba picha zaidi ya 3,000.

Kwa hiyo kadi ni kihenge. Na kihenge kikijaa, mwenyewe hukimwaga apate nafasi.

Tuseme babu alipigwa picha siku hiyo ya Februari. Hamkwenda kuichukua. Mwezi wa Mei babu anafariki. Mnakwenda kwa mpiga picha. Kadi imekwisha kufutwa, na sasa ina harusi ya watu wengine. Sura ya babu haipatikani tena.

Hasara hii inaweza kuepukwa. Fanya hivi:

1. Chukua picha yako mapema. Usingoje msiba.

2. Zima kamera kabla ya kutoa kadi. Ukiitoa wakati kamera bado inaandika, picha zaweza kuharibika.

3. Ikinge kadi na vumbi, maji na jua kali. Iweke katika kikasha chake.

4. Jihadhari na kadi bandia. Nyingine huandikwa GB 64, kumbe ndani nafasi ni ndogo. Mwombe muuzaji aijaribu mbele yako.

5. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, acha kupiga nyingine. Mara nyingi kamera huondoa picha kwenye orodha tu. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Toa kadi, umpelekee fundi wa kompyuta upesi. Huenda akaiokoa.

Jambo kubwa ni hili. Mkulima hodari haweki mbegu zote mahali pamoja. Nyingine huziweka kihengeni, nyingine huzining'iniza juu ya moto jikoni. Picha nazo zihifadhiwe hivyo. Nyingine ziwe kwenye kadi, nyingine kwenye kompyuta au simu ya ndugu. Zile za maana zisafishwe kwenye karatasi. Karatasi haihitaji umeme wala mashine.

Kisha geuza picha. Nyuma yake andika jina la babu, kijiji na tarehe. Sasa unajua kuandika. Wajukuu watasoma.

Maswali ya kujadili:
Nyumbani kwako kuna picha ya nani inayokaa mahali pamoja tu?
Nani atakayejua jina lake miaka 20 ijayo?