Posta Ilikuwa Wazi

Sisi watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tunaoishi Saint-Gilles hapa Brussels, tunaokutana pale Parvis siku za soko, tuna jambo lililotukaa kooni tangu mwaka 2020. Tulinyimwa kura ya urais wa Burundi, na sababu tuliyopewa ni korona.

Kuna waliokuwa wamejiandikisha, wakingoja Mei 20. Kabla siku haijafika likatoka tangazo kwamba Warundi walioko nje hawatapiga kura, kwa kuhofia maambukizi.

Tungekubali kama hofu hiyo ingekuwa ya wote. Lakini kampeni zilipoanza nyumbani Aprili 27, picha zilitufikia simuni: viwanja vimefurika, watu wamebanana, wanaimba bila barakoa. Watazamaji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaambiwa kwamba wakifika lazima wakae karantini siku 14. Siku yenyewe ya kura WhatsApp na Facebook zikafungwa, hata kumwuliza mama kama amerudi salama kutoka kituoni ikawa shida. Ugonjwa ule ule ulioruhusu viwanja vijae ndio uliotukataza sisi kupanga foleni, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, kama tulivyopanga kila siku mlangoni mwa duka.

Na kama foleni ilikuwa hatari, posta je? Ubelgiji ilifunga shughuli Machi 18, lakini barua hazikuacha kuletwa. Mbelgiji anayeishi Bujumbura anaweza kuchagua wabunge wa kwao kwa bahasha. Hata vituoni iliwezekana: Korea Kusini ilipiga kura Aprili 15 kwa glavu na kupimwa joto. Poland ilimchagua rais mwaka huo huo, mwananchi akiamua mwenyewe kwenda kituoni au kutuma kwa posta. Njia zilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kututafutia.

Kinachouma zaidi ni kwamba pesa zetu zilipokelewa, kura zetu zikakataliwa. Wazazi wetu walitozwa mchango wa uchaguzi ule, franka 2,000 kwa kaya, na wengi hutegemea tunachotuma sisi. Kuchangia tuliruhusiwa, kuchagua ndiko kulikoonekana hatari.

Wakongo, majirani zetu wa mtaa wa Matonge hapa Brussels, walidai haki hii miaka mingi. Desemba 2023 walipiga kura hapa, Ubelgiji ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizofunguliwa kwa walioko nje. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba haiwezekani.

Uchaguzi wa urais unarudi 2027. Tunataka sheria iseme mapema karatasi ya kura itatumwaje, mwisho wa kupokelewa ni lini, na nani atafungua bahasha mbele ya mawakala wa vyama. Mambo haya huandikwa watu wakiwa wazima, maana ugonjwa ukishaingia kila mwenye madaraka hupata kisingizio.