Mashine mnaiandikia vizuri, sisi mnatutumia sauti ya dakika nne

Ndugu zangu, na nyinyi wakubwa wa maofisi mnaotusomaga hapa, leo sitaki kulia. Nataka tugombane kidogo.

Kila siku nasikia hii maneno: "Vijana wa kambi hawaelewi maagizo." Inasemwa mkutanoni, inaandikwa kwenye ripoti. Nauliza: maagizo gani? Aliyeyatoa alisema nini hasa?

Siku hizi kazi nyingi ya kujitolea haifanyikii mbele ya ofisa. Ofisa yuko Nairobi, au yuko hapa Bujumbura lakini hashuki kambini, na sisi ndio mikono yake kwa simu. Tunaandika majina, tunapiga picha za karatasi, tunaita watu, tunajaza majedwali. Sisi ni wasaidizi wa mbali, hata kama hakuna aliyetuita hivyo. Hii kazi si mpya. Samasource, ambayo Leila Janah aliianzisha mwaka 2008, ilijaribu kuwapa wakimbizi wa Dadaab kazi za kompyuta. Kenya ina mpango wake wa serikali, Ajira Digital, wa kufundisha vijana kazi za mtandaoni tangu 2016. Msaidizi wa mbali yupo zamani. Anayekosekana ni bosi wa mbali anayejua kusema.

Niwape mfano wangu. Usiku moja ofisa wetu, mtu wa pwani anayekaa Nairobi, alinitumia sauti ya dakika nne. Nilikuwa Buyenzi kwa shangazi, mega zimeisha. Asubuhi nikanunua mega, nikafungua. Dakika ya kwanza ni salamu. Ya pili ni mambo ya mkutano ambao sikuwepo. Ya tatu akasema: "Naomba leo orodha ya posho kabla ya saa tatu, usinichelewesheye." Halafu akaendelea na mambo mengine.

Mimi ni mtu wa upande wa Fizi. Kwetu posho ni wiki. Posho moja, siku saba. Basi nikaelewa anataka orodha ya wiki, yaani watu wapya waliofika na watoto waliozaliwa. Na saa tatu? Nilisoma shule kwa Kifaransa, masaa yako kichwani mwangu kama redio inavyoyasema: saa tatu ya mchana, 15h00. (Najua wazee wa Buyenzi watanicheka. Mcheke tu.) Nikafanya kazi mbio, nikatuma saa nane na dakika ishirini mchana, nikajisifu nimewahi.

Kumbe yeye posho yake ni pesa. Alitaka orodha ya wajitoleaji wanaopaswa kulipwa, na sahihi zao. Na saa tatu yake ni ya asubuhi, tena ya Nairobi, ambayo huku Bujumbura ni saa mbili, sababu Kenya wametutangulia saa moja. Kwa hiyo nilichelewa zaidi ya saa sita, na karatasi isiyotakiwa.

Watu kumi na moja hawakulipwa ule mwezi. Wakaambiwa wangoje mwezi unaofuata. Kati yao kuna mama aliyekuwa amekopa unga dukani akitegemea ile pesa, na mwenye duka alianza kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Yule mama hakumuuliza ofisa wa Nairobi. Aliniuliza mimi. Nilimwambia nini? Nilimwambia neno posho lina maana mbili. Aliniangalia tu.

Kwenye ripoti iliandikwa kwamba mhusika wa kambini hakufuata maagizo.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Watu walewale wa maofisi wanaenda semina kujifunza namna ya kuandikia ChatGPT. Wanafundishwa: ieleze wewe ni nani, kazi ni ya nini, unataka iishe namna gani, ipe mfano, ikikosea irekebishe pole pole. Wanaiandikia mashine aya nzima, tena na "tafadhali". Mimi ninayepanda mlima kutafuta neti naandikiwa "fanya ile kitu haraka." Ile kitu gani? Na hata hiyo mashine ilisafishwa na vijana kama sisi: gazeti la TIME liliandika Januari 2023 kwamba Wakenya walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wote ili mashine ijifunze kuukataa. Wao pia walikuwa wasaidizi wa mbali.

Mtasema: "Lakini nyinyi hamuulizi. Tukisema mmeelewa? mnajibu ndiyo." Ni kweli, na hapa nageukia vijana wenzangu. Tuna ugonjwa wa "ndiyo mkubwa". Tunajibu ndiyo kabla sauti haijaisha. Mimi mwenyewe ile asubuhi nilijibu "sawa mkubwa, imeeleweka", na nilikuwa nimeelewa nusu. Ningeuliza swali moja tu, "posho ya pesa ao ya wiki?", yule mama angelipa unga wake. Hilo kosa ni langu, silitupi kwa mtu.

Lakini tujiulize huo ugonjwa ulitoka wapi. Kijana akiuliza mara mbili, anaambiwa hana uwezo. Akiuliza mara ya tatu, mwezi unaofuata jina lake halipo, na kuna ishirini wanaongoja nafasi. Ukimfanya mtu alipie swali, ataacha kununua maswali.

Ninachodai si kitu kikubwa. Agizo liandikwe, hata mistari mitano, sababu maandishi yanafunguka na mega kidogo na mtu anaweza kurudia kuyasoma kambini bila neti. Saa iandikwe 09h00 na isemwe ni ya mji gani. Karatasi mnayoitaka, tumeni moja iliyojazwa tuione. Semeni kazi ni ya nini: ningejua ile orodha ni ya malipo, hata ningelala kambini nisingechelewa. Na semeni kama ofisa hapatikani, nani anaamua. Juzi umeme ulikatika, simu ya mtu ikazima, watu wakasimama juani nusu siku sababu hakuna aliyejua kama aanze ao angoje.

Na wewe kijana, kabla hujaanza, rudisha agizo kwa maneno yako: nimeelewa hivi, nitatuma hiki, saa fulani. Usiogope kuonekana mjinga kwa dakika moja.

Mimi nimeanza. Wiki iliyopita likaja tena agizo la sauti, fupi kidogo, dakika mbili. Nikaandika: "Mkubwa, nimeelewa unataka orodha ya posho ya pesa, ijumaa 09h00 ya Bujumbura. Ni hivyo?" Akanijibu kidole gumba.

Nikamwandikia tena: "Samahani mkubwa, kidole ni ya ndiyo ya pesa, ao ya saa?"

Bado nangoja.